Kifarsi kwa masikio: ulinganisho wa njia nne kwa anayeanzia Lubumbashi

Mwalimu wa Kifarsi si mtu unayempata kila mtaa wa Lubumbashi. Kwa hiyo anayeianza lugha hii huanza na simu na vipande vya sauti, awe kijana anayetafuta nafasi ya kusoma Qom au Tehran, awe mfanyabiashara anayekwenda Dubai kuchukua mzigo na kukuta Wairani madukani Deira, awe mtu aliyepata wakwe Wairani. Kozi ziko nyingi na kila moja inajisifu. Mtu anazipakua zote, anasikiliza masomo matatu ya hii na manne ya ile, mwezi unakwisha hajui hata kusema "nataka maji".

Hapa zinalinganishwa njia nne ambazo kweli hazifanani: Pimsleur, Assimil, podikasti ya Chai and Conversation, na sentensi za 50languages. Zote nne zimewafikisha watu mahali. Kinachozitenganisha zaidi ni mambo mawili: zinakueleza kwa lugha gani, na zinakufundisha Kifarsi kipi. Ukishajua haja yako katika hayo mawili, nusu ya uchaguzi umeshaimaliza.

## Vigezo kwanza

Lugha ya maelezo. Kwa mtu wa Lubumbashi hiki ndicho kigezo cha kwanza, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Shuleni tumesoma kwa Kifaransa. Kiingereza kinaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, na kwa wengi ni Kiingereza cha bei, mizigo na magari. Kozi ya sauti haikungojei utafsiri. Ikikuambia kwa Kiingereza "sema kwamba ungependa kunywa kitu baadaye", unazo sekunde tatu au nne za kujibu. Sekunde mbili zikiishia kwenye kuelewa swali, Kifarsi hakina nafasi tena. Jipime hivi: sikiliza dakika 10 za habari za Kiingereza redioni bila kusimamisha. Ukizifuata sawasawa, kozi za Kiingereza ni zako. Ukipotea njiani, chagua njia yenye Kifaransa, wala usione haya.

Kifarsi kipi. Kuna Kifarsi cha kitabuni, kile cha habari, mihadhara na barua, na kuna cha mdomoni, kile cha nyumbani, dukani na ndani ya teksi ya Tehran. Tofauti yake si lafudhi tu. Maneno yenyewe yanafupika na irabu zinabadilika:

| Maana | Kitabuni | Mdomoni |
|---|---|---|
| mkate | nān | nun |
| nyumba | khāne | khune |
| nataka | mikhāham | mikhām |
| ninakwenda | miravam | miram |
| ninasema | miguyam | migam |
| ni nzuri | khub ast | khube |
| ni ghali | gerān ast | gerune |

Aliyejifunza safu ya kati peke yake ataelewa taarifa ya habari halafu apotee dukani. Aliyejifunza ya mwisho peke yake atanunua mkate bila taabu, kisha ashindwe kusoma tangazo la shule. Hakuna anayeishi kwa safu moja milele. Unachochagua sasa ni ipi itangulie. Kwa kozi yoyote, hata isiyotajwa hapa, fanya jaribio hili: fungua somo la katikati, usikilize mwisho wa kila sentensi. Ukisikia *ast, ast, ast*, uko kitabuni. Ukisikia *e* fupi tu, uko mdomoni.

Inakulazimisha kusema au la. Angalia kama baada ya swali kuna kimya cha kukutosha kujibu kwa sauti. Kozi isiyo na kimya hicho inakufundisha kusikia, na kusikia ni nusu ya kazi.

Maandishi. Alfabeti ya Kifarsi ina herufi 32, inaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. Masikio hayatakupa hilo. Swali ni kama kozi inakuja na maandishi, au itabidi uyatafute kwingine.

Data, umeme na mahali. Nusu saa ya sauti, kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 14 na kitu. Kwa kilobiti 128 ni karibu 29. Basi masomo 30 ya nusu saa yanakula kati ya megabaiti 430 na 870. Ukiyapakua mara moja mahali penye wifi na kuyaweka kwenye kadi ya simu, umemaliza kulipa. Ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni na kurudia kila somo mara tatu, unalipa mara tatu. Sauti ina neema nyingine pia: inacheza kioo cha simu kikiwa kimezimwa, kwa hiyo betri inafika jioni hata siku umeme umekatika tangu asubuhi.

## Sikio la Lubumbashi linakuja na nini

Njia hizi hazikutungwa kwa ajili ya watu wa Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili ana faida zake na mitego yake, na hakuna kozi kati ya hizi itakayomwambia. Kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Faida zinaanza na jinsia: Kifarsi hakina. *U* ni "yeye", mwanamume au mwanamke, kama kwetu. *To* na *shomā* zinaachana kama *tu* na *vous* za Kifaransa. Kiunganishi cha umiliki ni kimoja tu, *-e*, au *-ye* baada ya irabu: *ketāb-e man*, kitabu changu, *khāne-ye man*, nyumba yangu. Ngeli hakuna, kwa hiyo hakuna cha "cha", "ya" wala "wa". Baada ya namba jina halibadiliki: *se ketāb* ni vitabu vitatu, lakini wao wanasema "tatu kitabu".

Msamiati nao unakungoja. *Khabar, safar, vaght, sā'at, donyā, hesāb, sābun* utayatambua siku ya kwanza, kwa kuwa Kiswahili na Kifarsi vyote vimechota Kiarabuni. Mengine yametoka Uajemi kwenyewe: *rang* ni rangi, *bandar* ni bandari, *panbe* ni pamba, *nākhodā* ni nahodha. Kifarsi pia kimekopa Kifaransa kingi: *mersi, kādo, āsānsor, bilit, restorān*. Mtu anayesema aksanti kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, na mersi ofisini hatashangaa kusikia Tehran nako wanashukuru kwa *mersi*.

Sasa mitego. Mkubwa kuliko yote, kwa mtu wa hapa, ni *mi-*. Katika Kiswahili cha Lubumbashi tunasema "minakula", "minaenda", na *mi-* hiyo ni mimi. Katika Kifarsi *mi-* ni alama ya wakati, inafanya kazi ya "-na-", na mtu anakaa mwishoni:

*mikhoram* – ninakula
*mikhori* – unakula
*mikhore* – anakula
*mikhorim* – tunakula
*mikhorin* – mnakula
*mikhoran* – wanakula

Anayeanza husikia *mikhore* na ubongo unamwambia "mimi nakula", wakati Mwirani amesema "anakula". Dawa yake ni zoezi la sauti: chukua kitenzi kimoja, sema nafsi zote sita mara kumi ukikaza sikio kwenye mkia, kabla ya kugusa kitenzi kingine. Kumbuka pia kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi: *man nun mikhoram*, "mimi mkate ninakula".

Mtego wa pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifarsi kinakaza ya mwisho kwenye majina: sa-LĀM, ke-TĀB, do-NYĀ. Ukisema KE-tāb utaeleweka mara ya pili, si ya kwanza. Kwenye vitenzi vya wakati uliopo mkazo unarudi mbele, juu ya *mi-*, na ukikanusha unakaa juu ya *ne-*: NE-miram, siendi.

Wa tatu ni "a" mbili. Kiswahili kina moja. Kifarsi kina *a* fupi ya mbele ya mdomo na *ā* ndefu ya nyuma, inayokaribia "o". *Kār* ni kazi, *kar* ni kiziwi. *Bād* ni upepo, *bad* ni mbaya. Na wale ambao lugha ya nyumbani kwao inachanganya "r" na "l" waongeze *kāl*, tunda bichi, na *lang*, kiwete, mbele ya *rang*. Maneno haya machache yakirekodiwa kwa simu yako mwenyewe na kulinganishwa na ya kozi, yatakusaidia kuliko saa tatu za kusikiliza tu.

Mwisho ni *kh*. Kiswahili chetu kimeigeuza "h": habari, bahati. Kwa Kifarsi ni *khabar*, *bakht*, sauti ya koo inayokwaruza. Usiifanye "k".

## Pimsleur

Inavyofundisha. Ngazi ya kwanza ina masomo 30, kila moja nusu saa, somo moja kwa siku. Sauti inakuuliza, inanyamaza, unajibu, kisha msemaji wa Kifarsi anatoa jibu sahihi. Neno refu linajengwa kuanzia nyuma: *-shid*, *-bakhshid*, *bebakhshid* (samahani). Mtindo huo unatufaa sana sisi, kwa sababu mkazo wa majina ya Kifarsi uko hukohuko mwishoni. Neno linarudishwa kwa vipindi vinavyorefuka. Paul Pimsleur alivipanga mwaka 1967: sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, na kuendelea.

Maelezo na Kifarsi chake. Kifarsi hiki kimetungwa kwa wasemaji wa Kiingereza tu. Kinaelekea mazungumzo, kwa adabu ya *shomā*, kama unavyozungumza na mtu usiyemzoea.

Inachodai. Nusu saa ya utulivu na mdomo ulio huru. Ndani ya taxi-bus ya kutoka Ruashi kwenda mjini, umebanwa kati ya watu, huwezi kujibu kwa sauti, na somo lisilojibiwa ni kama halikusikilizwa. Alfajiri nyuma ya nyumba, au njiani ukitembea peke yako, ndiyo mahali pake. Ni ya kulipia. Somo la kwanza hutolewa bure, na linatosha kukuonyesha kama unaendana na mwendo wake.

Panapokwama. Maneno ni machache, kwa makusudi. Baada ya masomo 30 utasema kidogo, lakini utakisema vizuri bila kufikiri. Anayetaka orodha ya vitu vya sokoni hataipata. Maandishi si kazi yake kuu. Kosa la kawaida ni kuruka siku nne kisha kuendelea na somo linalofuata, wakati vile vipindi vya kurudia vimekatika. Ukikosa siku tatu au zaidi, rudi somo moja nyuma. Kosa la pili ni kung'ang'ania somo mpaka liwe kamilifu. Ukijibu sawa mara nane katika kumi, songa mbele, masomo yajayo yatakurudishia yaliyobaki.

Inamfaa mwenye Kiingereza imara anayetaka mdomo ufunguke haraka, na mtu anayeogopa kutamka.

## Assimil

Inavyofundisha. Ni kitabu pamoja na rekodi, kutoka nyumba ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1929. Unapewa mazungumzo mafupi kwa herufi za Kifarsi, matamshi kwa herufi za Kilatini, tafsiri, na maelezo mafupi ya sarufi. Dakika 20 hadi 30 kwa siku zinatosha. Kwanza unapita kwa kusikiliza, kusoma na kurudia kwa sauti bila kukariri. Ukifika karibu na somo la 50 unaanza mzunguko wa pili: kila siku somo jipya, na pamoja nalo somo la zamani kuanzia la kwanza, sasa ukitafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kifarsi kwa mdomo. Kila somo la saba ni la marejeo.

Maelezo na Kifarsi chake. Kifaransa, na hii ndiyo faida yake kubwa hapa kwetu. Mtu aliyemaliza humanités, yaani sekondari, ana Kifaransa cha kutosha kusoma maelezo ya kitenzi bila kamusi. Kwa kuwa unaliona neno huku ukilisikia, tofauti ya kilichoandikwa na kinachosemwa haikai imejificha. Fanya lile jaribio la *ast* katika masomo ya mwanzo na ya katikati, ujue unasimama wapi.

Inachodai. Meza, mwanga na kitabu. Rekodi ni ya Kifarsi kitupu, hakuna anayekueleza kitu. Hivyo anayeuziwa mafaili ya sauti peke yake kwenye flashi hajanunua kozi. Na jihadhari na fotokopi. Herufi nyingi za Kifarsi zinatofautiana kwa nukta tu: ب ni b, پ ni p, ت ni t, ث ni s. Fotokopi hafifu inakula nukta, na ukurasa mzima unakuwa fumbo. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mazungumzo, utafute پ, uhesabu nukta zake tatu chini. Zisipoonekana, acha.

Panapokwama. Mwanafunzi anaegemea matamshi ya Kilatini na kuacha herufi. Miezi mitatu baadaye hajui kusoma hata jina lake. Kuanzia somo la kumi hivi, funika mstari wa Kilatini kwa karatasi, soma Kifarsi kwanza, kisha funua kuhakikisha. Tatizo jingine ni ukimya. Kitabu hakikuulizi kitu, na asiyejilazimisha kusema anageuka msomaji.

Inamfaa mtu wa Kifaransa, mwenye mazoea ya kukaa na daftari, anayehitaji kusoma na kuandika mapema.

## Chai and Conversation

Inavyofundisha. Ni podikasti. Somo ni fupi, na msimulizi anachambua misemo michache ya maisha ya kila siku: salamu, familia, kuuliza hali, kula. Anaeleza pia adabu iliyo nyuma ya misemo, na kwa Kifarsi adabu ni nusu ya lugha. Mfano wake mzuri ni *ta'ārof*. Ukiuliza bei, muuzaji anaweza kukujibu *ghābel nadāre*, yaani "si kitu, haina thamani mbele yako". Usichukue bidhaa ukaondoka. Hiyo ni heshima, unatakiwa kuuliza tena, naye atakutajia bei. Kozi inayokupa maneno bila jambo hili inakupeleka kwenye aibu.

Maelezo na Kifarsi chake. Maelezo kwa Kiingereza cha mazungumzo, chenye kasi ya kawaida. Kifarsi ni cha mdomoni: *hāletun chetore?* (hali yako ikoje?), *khubam, mersi*.

Inachodai. Karibu hakuna: sauti za podikasti ni za bure, na masomo mafupi yanaingia hata ndani ya taxi-bus. Vifaa vya maandishi vya ziada ni vya kulipia.

Panapokwama. Sehemu kubwa ya somo ni Kiingereza. Mtu anamaliza akiwa na furaha ya kuelewa, kumbe ameelewa maelezo, Kifarsi chenyewe hakijamkaa mdomoni. Ponya hivi: baada ya kila somo andika misemo yake mitano hadi minane, irekodi kwa sauti yako ukiacha kimya cha sekunde nne kabla ya kila jibu, kisha sikiliza rekodi yako siku inayofuata na ujibu kabla haijasema. Kwa robo saa umejitengenezea kozi ya kuitikia.

Inamfaa anayetaka kuzungumza na marafiki au wakwe, na mwenye vipande vya muda.

## 50languages

Inavyofundisha. Masomo 100, kila moja likiwa na sentensi fupi za jambo moja: watu, namba, saa, mgahawa, hoteli, duka. Unasikia sentensi kwa lugha unayoijua, kisha kwa Kifarsi. Maelezo na Kifarsi chake: hakuna maelezo. Lakini unaweza kuchagua jozi ya Kifaransa na Kifarsi, na sentensi zimeandikwa kwa herufi zake. Kifarsi kimeelekea kitabuni. Inachodai: kupakua tu, MP3 zake ni za bure. Panapokwama: sentensi hazishikani kama mazungumzo, sarufi unaikisia, na wengi wanachoka kabla ya somo la ishirini. Anayeitegemea peke yake hubaki na sentensi nzima nzima asizoweza kuzivunja na kujenga nyingine. Inamfaa kama ghala la sentensi pembeni ya njia nyingine, na mtu asiye na fedha ya kuanzia.

## Kwa hali yako

*Unaomba nafasi ya kusoma Iran.* Vyuo vinafundisha kwa Kifarsi, utasoma na kuandika kuanzia wiki za mwanzo. Anza na Assimil, na kila siku tenga dakika 15 za herufi. Nne kwa siku, siku nane umezimaliza 32. Tangulia na zile saba zisizoungana na herufi inayofuata: ا د ذ ر ز ژ و. Kwa hizo peke yake unaandika maneno halisi siku ya pili: روز *ruz*, siku, زرد *zard*, manjano, آرد *ārd*, unga, ule ule wa bukari, yaani ugali. Ukifika katikati ya kitabu, ongeza podikasti ili Kifarsi cha bwenini kisikushtue.

*Unakwenda Dubai kununua.* Kifarsi cha mdomoni, na namba juu ya yote. Mwenye Kiingereza achukue Pimsleur. Asiye nacho achukue masomo ya namba, saa na duka ya 50languages, kisha abadilishe mwenyewe *gerān ast* kuwa *gerune*. Jipime kwa *haft* na *hasht*, saba na nane, zinazofanana masikioni kuliko namba nyingine zote. Mwambie mtu akusomee namba ishirini bila mpangilio, uziandike. Ongeza *in chande?*, hii ni bei gani, na *takhfif bedin*, nipunguzie. Ukishughulika na bei za Iran kwenyewe, kumbuka watu wanahesabu kwa tumani ilhali fedha rasmi ni riali, na tumani moja ni riali kumi. Uliza kila mara ni ipi kabla ya kukubali.

*Una wakwe au marafiki Wairani.* Chai and Conversation, pamoja na mtu wa kukujibu kwa ujumbe wa sauti. Tuma ujumbe wa sekunde 20 kila siku, hata kama ni salamu na ulichokula. Watakusahihisha wenyewe.

*Umesoma Kurani tangu utotoni.* Herufi 28 unazo, zimebaki nne tu: پ چ ژ گ. Lakini usizisome Kiarabu. و ni *v* katika وقت *vaght*. ث, س na ص zote ni *s*. ذ, ز, ض na ظ zote ni *z*. كتاب ni *ketāb*, si *kitāb*. Namba tatu za Kifarsi nazo zina umbo lake: ۴, ۵, ۶. Assimil itakwenda haraka kwako. Wiki mbili za kwanza weka bidii kwenye rekodi kuliko kwenye kitabu, maana macho yako yatakudanganya.

*Kiingereza chako ni cha mpakani na Kifaransa kimechakaa.* 50languages kwa jozi ya Kifaransa, somo moja kwa siku mbili, na rafiki mmoja wa kujifunza naye. Mmoja anasoma Kifaransa, mwingine anajibu Kifarsi, mnabadilishana. Baada ya masomo 30 Kifaransa nacho kitakuwa kimefufuka, na Assimil haitakutisha.

*Una nusu saa tu kwa siku, na iko ndani ya taxi-bus.* Podikasti wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, ile rekodi ya sauti yako mwenyewe, ukijibu kwa midomo bila kutoa sauti. Kisha, kabla ya kuingia nyumbani, rudia misemo mitano kwa sauti kamili, mkazo ukiwa mwishoni: sa-LĀM.